Reli ya Koridoni

Jina alilopewa na wazazi wake lilishasahaulika zamani. Pale kwenye yadi ya mashua kila mtu alimwita Kizibo, na wenye adabu kidogo wakatanguliza "mzee". Jina lilitokana na vile vijiduara vya mbao, vidogo kama kifungo cha shati, ambavyo mafundi hugongomea juu ya kichwa cha skrubu ili isionekane. Wenzake walivikata vizibo vyao mradi vimeingia, hata kama mistari ya mbao imekwenda kombo. Yeye alikaa na chake, akakigeuza kwa ukucha, akakigeuza tena, mpaka mistari ya kizibo ikaungana na mistari ya mbao yenyewe, ukipitisha jicho hujui palitobolewa wapi. Halafu hakukitia gundi. Alikichovya kwenye vanishi, akakigonga taratibu, akakiacha.

"Gundi ya nini?" alikuwa akisema. "Kuna mwenzako atakuja kufungua hapa siku moja. Usimfungie mlango."

Alikuwa na desturi nyingine, na hii ndiyo iliyowavunja watu mbavu. Akimaliza kufunga reli ya mashua, ile mbao ya kushikia, alimwita mwenye mashua aje aone. Akakanyaga ukingo kwa visigino, akaishika reli kwa mikono miwili, akajiachia kinyumenyume kwa uzito wake wote, makalio yakining'inia nje ya mashua juu ya watu waliosimama chini. Na hakuwa mtu mwepesi. Wenzake walimpigia kelele kwamba akidondoka watamzoa kwa beleshi. Yeye alihesabu pumzi zake, akajivuta, akasimama, akapangusa mikono.

"Reli ambayo aliyeifunga haiamini," aliwajibu, "asimpe mtu mwingine aishike."

Alikuwa mtu wa polepole, basi. Haraka haraka haina baraka, ndiyo iliyokuwa methali yake, na aliisema mara nyingi kiasi kwamba akifungua mdomo wenzake walimmalizia. Ni methali nzuri, hakuna ubishi. Lakini ina ndugu yake, na huyo ndugu hakukaribishwa kwenye karakana ya Kizibo.

Msimu ule alikuwa na kazi kwenye mashua ya daktari wa meno. Huyu daktari alikuwa mwanamume mpole, aliyecheka utani wake mwenyewe kabla hajaumaliza. Mashua yake ya tanga ilipandishwa nchi kavu, ikaegemezwa kwenye magogo, na malalamiko yalikuwa mamoja tu: reli ya upande wa kushoto inacheza.

"Kidogo tu, fundi," alisema. "Kama jino. Lakini mimi najua mwisho wa jino linalocheza."

Reli zenyewe ni mbao ndefu zilizofungwa juu ya paa la chumba cha mashua, zimechongwa matao matao ili vidole vipite chini yake. Bahari ikichafuka, anayetembea juu hana kingine cha kushika. Reli ikimwachia, ndiyo basi tena.

Kizibo alivua viatu, akapanda. Alitafuta kizibo cha kwanza kwa ncha ya kidole, maana kwa macho kilikuwa hakionekani, akakitoboa katikati, akakibomoa kwa patasi nyembamba akielekea ndani, asiguse ukingo wa tundu. Akasafisha mfereji wa kichwa cha skrubu kwa msumari. Akaweka bisibisi, akailalia kwa kifua. Skrubu ikagoma. Akaipasha moto kwa chuma cha kulehemu, akasubiri, akajaribu kuikaza kwanza badala ya kuifungua, kidogo tu, ili ishtuke. Ikalia. Akairudisha, na polepole ikaanza kupanda.

Ilipotoka aliiweka kiganjani, akamwonyesha daktari. Kichwa kilikuwa kinang'aa kama cha jana. Ncha nayo nzima. Lakini katikati, pale ilipopita baina ya mbao na paa, maji ya chumvi yalikuwa yametuama na kuitafuna, mpaka imebaki na kiuno kama njiti ya kiberiti.

"Na kwa nje hata dalili hakuna!" daktari alisema.

"Ndiyo tabia yake. Chuma hiki kinajisifu hakishiki kutu. Ni kweli, kikipata hewa. Ukikifungia gizani na maji, kinaliwa kimyakimya."

Alipokwisha kusema hivyo alikumbuka nyumbani, na hamu ya mazungumzo ikamtoka.

Skrubu nyingine zilikatika vichwa zikaacha mwili ndani. Hizo alizichimba kwa bomba dogo lenye meno, likizunguka pembeni ya skrubu hadi mzizi. Daktari aliposikia mlio ule alishika shavu lake, akasema mgonjwa wake yeyote angekuwa ameshakimbia na kiti. Kizibo alicheka kwa heshima. Jioni reli ilipong'oka yote, wakakuta imepasuka upande mmoja, ufa mrefu wa kutosha kuingiza kisu. Daktari akaamua upande ule uwekwe mbao mpya, na wa kulia ubadilishwe skrubu tu. Zote zifungwe kwa skrubu za shaba.

"Hii ya zamani utaifanyia nini?" Kizibo aliuliza.

"Mimi? Nitaitupa."

"Basi nipe. Nina mtu wangu nyumbani anaihitaji."

Mtu wake alikuwa mkewe. Alikuwa fundi wa kushona, mwenye mdomo mwepesi na mkono mwepesi zaidi, na maisha yake yote alifanyia kazi sebuleni, mbele ya dirisha, kwenye cherehani ya kuzungusha kwa mkono. Ugonjwa ulimwanzia kwa kandambili. Ilikuwa ikimvuka mguuni naye hana habari. Anafika jikoni, anatazama chini, mguu mmoja mtupu. Alicheka, akasema kandambili za siku hizi hazina ukanda. Akanunua nyingine. Zile nazo zikamvuka. Alificha hivyo muda mrefu, hadi alipoungua unyayo kwa maji ya moto bila kusikia, ndipo mume akajua, wakaenda hospitali. Wakaambiwa mishipa ya fahamu ya miguu inakufa taratibu, na dawa ya kuifufua hakuna.

Baina ya chumba chao na sebule kulikuwa na korido ndefu yenye giza, isiyo na dirisha. Mkewe alivuka korido ile kila asubuhi kwa kuutegemea ukuta, kiganja kikiburuzika. Rangi ya ukuta ilikuwa nyeupe zamani. Sasa ulikuwa na mstari wa kijivu toka mlango hadi mlango, mstari wa mkono wake, na kila mwezi ulizidi kukolea na kushuka, kwa sababu mwenyewe alikuwa anainama.

"Baba watoto," alimwambia jioni moja, "watu wa mashua unawawekea cha kushika. Mimi nashika ukuta, na ukuta hauna pa kushika."

"Nitakuwekea."

"Lini?"

"Nikipata mbao nzuri."

"Nani kakuomba nzuri? Hata kamba funga. Nataka nitoke kitandani mpaka kwenye cherehani yangu bila kuita mtu. Basi. Sitaki kubebwa kama gunia."

Hilo tu ndilo alilotaka, na Kizibo alilielewa vizuri kuliko lolote aliloombwa maishani. Siku alipoingia na ile reli begani, ndefu, ncha moja bado iko nje ya mlango na nyingine imeshafika jikoni, mkewe alicheka hadi akakaa chini.

"Na tanga liko wapi?" aliuliza. "Au linakuja kesho?"

Fundi wa nyumba, wale wa milango na madari, angeifunga usiku uleule. Angekata kipande kilichopasuka, akapiga msasa mara mbili tatu, akatoboa ukuta, akala chakula chake akalala. Mbao ya koridoni haitaona mvua wala chumvi hadi mwisho wa dunia. Lakini Kizibo alikuwa fundi wa mashua, na fundi wa mashua ana ugonjwa wake: anaamini kila mbao siku moja itakutana na bahari.

Akaipeleka kwenye kibanda nyuma ya nyumba. Akaondoa ufa, akaunga kipande kipya kwa kiungo kirefu cha mshazari, akakibana, akakiacha kishike. Akaziba matundu yote ya skrubu za zamani kwa vizibo, kimoja kimoja, mistari kwa mistari. Akapiga msasa hadi vidole vyake vikalainika. Kisha akaanza vanishi. Mpako wa kwanza mwembamba kama maji, ukauke. Msasa. Mpako mwingine, ukauke. Msasa. Ikaja wiki ya mvua na unyevu, vanishi ikakataa kukauka, ikawa inanata kama asali, na yeye akawa anaingia kibandani asubuhi, anaigusa kwa nyuma ya kidole, anatikisa kichwa, anakwenda kazini. Reli ilining'inia kwenye nyaya, inapendeza kweli. Na koridoni mkewe akaendelea kuupapasa ukuta.

Binti yao, aliyeolewa mtaa wa pili na aliyekuwa amerithi mdomo wa mama, alikuja akamkuta kibandani na brashi.

"Baba, koridoni mvua inanyesha?"

"Mwanangu, mbao tupu itamchoma mama yako vibanzi."

"Kibanzi kinatolewa kwa sindano. Mama ana sindano tele."

"Haraka haraka..."

"Ngoja ngoja huumiza matumbo, baba. Na hiyo ni methali pia."

Dirishani mama alisikika akicheka. Kizibo alichovya brashi, akaendelea.

Tusimwonee mtu wa watu. Hakuwa mvivu, wala mkewe hakuwa amemtoka moyoni. Kwake yeye kumpa mkewe kitu nusunusu kulikuwa ni kumwambia kwamba mashua ya daktari inastahili zaidi yake. Na lilikuwepo jingine, ambalo hakumwambia mtu: siku reli ile itakapokaa ukutani, nyumba yake itakuwa nyumba ya mgonjwa. Ilipokuwa kibandani ilikuwa bado ni mbao tu. Aliogopa. Mwanamume yule aliyening'inia nje ya mashua bila wasiwasi aliogopa kutoboa ukuta wa nyumba yake mwenyewe, na vanishi ikampa kisingizio.

Siku ya kukabidhi mashua jua lilitoka. Asubuhi aliigusa reli ya kibandani, akaona imekauka vizuri, akaamua kuipaka mpako mmoja wa mwisho, wa kung'arisha. Akamwambia mkewe, "Kesho naifunga." Mkewe akasema, "Kesho yako naijua," lakini alisema akitabasamu. Akaondoka.

Yadini alikaza skrubu za mwisho za shaba, kila moja ikiwa imepakwa gundi ya mpira shingoni ili maji yasipate mlango. Akagonga vizibo. Akamwita daktari. Akapanda, akakanyaga ukingo, akajiachia nyuma, mbingu yote usoni, na reli ikatulia kana kwamba imeota pale. Daktari alipiga makofi. Watu wa chini wakapiga miluzi. Alikuwa bado yuko juu, anapangusa mikono, simu yake ilipolia mfukoni. Alikuwa jirani yao, mama mmoja aliyekuwa mteja wa mkewe miaka mingi.

"Shemeji, acha kazi uje. Mama ameanguka."

Aliacha patasi zake zimetapakaa juu ya paa la mashua, jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwona akilifanya.

Jirani huyo alikuwa anakuja kuchukua gauni lake, na mama alitaka kumalizia pindo. Alitoka chumbani mwenyewe, mkono ukutani kama kawaida. Katikati ya korido kandambili ikamvuka, akaikanyaga kwa mguu usioisikia. Jirani ndiye aliyemkuta. Kizibo alipofika walikuwa wameshampeleka hospitali, na nyumba ilikuwa tupu, milango wazi. Akapita koridoni. Ule mstari wa kijivu ulikwenda vizuri kutoka mlango wa chumba, ukafika katikati, halafu ukageuka ukashuka chini moja kwa moja, mistari minne ya vidole, hadi sakafuni. Alisimama akaitazama. Kandambili moja ilikuwa palepale.

Mfupa wa nyonga ulikuwa umevunjika. Walimpasua, wakaunga kwa vyuma na skrubu, na daktari wa mifupa, kijana mpole, akamweleza Kizibo kwamba mfupa utapona lakini miguu ile haitamsimamisha tena. Kizibo akauliza skrubu zenyewe ni za chuma gani. Daktari akamjibu kwa upole. Swali la kipuuzi, na alijua ni la kipuuzi, lakini ndilo pekee lililomjia.

Mama alirudi nyumbani amelala, akawekwa kitandani, akawa wa kulishwa, kuoshwa na kugeuzwa. Utani ulimtoka kwa siku kadhaa, kisha ukarudi kidogo kidogo, umepungua uzito kama yeye mwenyewe. Hakumlaumu mumewe. Hilo ndilo lililomtafuna Kizibo. Kila akiingia na sahani alisubiri aambiwe, na kila mara aliambiwa chumvi imezidi.

Asubuhi moja alikwenda kibandani, akaishusha reli. Hakuipaka ule mpako wa mwisho. Akaileta koridoni, akapima, akatoboa ukuta.

"Baba," binti alisema, akiwa amesimama na beseni la maji, "ya nini sasa?"

Kizibo aliinua ncha moja ya reli. Binti alimtazama kidogo, akaweka beseni chini, akamshikia ncha ya pili.

Alifanya kazi ile kama anavyofanya siku zote. Skrubu za shaba, zilizobaki kwenye kazi ya daktari. Vizibo, kimoja baada ya kingine, vilivyochovywa kwenye vanishi. Hakuna gundi. Vumbi la ukuta lilimwingia machoni na hakulipangusa. Kule chumbani mama alikuwa akisikiliza drili, na drili iliponyamaza alisikiliza nyundo.

"Mzee," aliita.

"Naam."

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Umening'inia?"

Kizibo alishika nyundo kwa mikono miwili kama mtu aliyeulizwa swali na mwalimu. "Bado."

"Wenye mashua unawaita waone. Mimi kwa kuwa sina mashua, ndiyo usiniite?"

Binti alifungua mlango wa chumba hadi mwisho, akampandisha mama yake kwenye mito. Kutoka pale aliona korido yote: reli ikiwa juu ya ule mstari wa kijivu, inang'aa hata kwenye giza, na kule mwisho, mwangani, cherehani iliyofunikwa kitambaa.

"Nzuri," alisema. "Wallahi ni nzuri. Haya, fundi, nionyeshe."

Kizibo aliweka nyundo chini. Akaishika reli kwa mikono miwili, akakaza visigino, akajiachia nyuma kama alivyofanya kwa daktari na kwa wengine wote. Alikusudia kuhesabu pumzi zake, ajivute, apanguse mikono, aseme neno la kuchekesha. Miguu ikamkatalia. Magoti yalikunjika, akashuka, akashuka, hadi makalio yakakaribia sakafu mahali palepale mkewe alipoanguka, mikono imebaki juu kwenye reli. Akalia. Alilia kwa sauti, mdomo wazi, mzee mzima, mbele ya binti yake.

"Ningeifunga ikiwa mbichi," alisema. "Mke wangu, ningeifunga mbichi tu siku ileile."

"Ungeifunga mbichi," mama alisema.

Hakuongeza kwamba si kitu, maana kilikuwa kitu. Hakusema kwamba ni mapenzi ya Mungu, ingawa jirani alikuwa amelisema hilo mara nyingi kitandani pale. Alisubiri kilio kipungue, kama anavyosubiriwa mtoto, na binti naye akasubiri, beseni bado liko chini koridoni, maji yameshapoa.

"Imetikisika?" mama aliuliza.

Kizibo alikuwa bado ananing'inia. Akasikiliza kwa mikono yake.

"Haijatikisika."

"Basi imeshika," mama alisema. "Haya inuka, uje unigeuze. Upande huu umekufa ganzi."

Akajivuta kwa reli, akasimama, akaifuata mkono baada ya mkono mpaka mlangoni, akaingia kumgeuza.